Uliza Fundi: Majina Yaliyo Chini ya Dirisha

Wapendwa wasomaji, mwezi huu barua nyingi zimeuliza juu ya kitu kimoja: madirisha ya vioo vya rangi yaliyowekwa kuwakumbuka waliokufa vitani. Na si yale ya makanisa makubwa tu. Wengi mmeniandikia kuhusu yaliyomo kwenye kumbi za parokia, nyumba za vijana wa Kikristo na vyumba vya shule ya Jumapili. Nimekaa na vioo vya namna hii mezani kwangu kwa miaka 31, na hakuna kazi niliyoipenda kama hiyo. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo yenye haraka.

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni katibu wa kamati ya ukumbi wa parokia yetu. Tuna dirisha la kuwakumbuka waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia: askari amepiga magoti, malaika amesimama nyuma yake, na chini kuna majina 14. Limechafuka, na sehemu ya chini imetokeza kama tumbo. Majina mengine hayasomeki tena. Vijana wamejitolea kuliosha kwa sabuni siku ya Jumamosi, na mmoja wao anasema hilo tumbo likisukumwa polepole litarudi mahali pake. Tuwaruhusu?

Marahaba mwanangu. Waambie vijana nawashukuru sana, na ndoo wazirudishe stoo. Nina sababu za kitaalamu, nitakupa. Lakini kwanza nikusimulie jambo lililonipata mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa pili wa kujifunza kazi. Nikapewa paneli ya chini ya dirisha lililotoka kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, niiondolee vumbi. Nikachovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu, nikaipitisha juu ya mstari wa majina mara moja tu, kushoto kwenda kulia, kama mtu anavyofuta meza. Nilipoinua pamba nikaona imeshika weusi mwembamba, kama masizi ya taa. Nikajua ni uchafu. Kisha nikatazama kioo. Palipokuwa na jina la mtu pamebaki herufi tatu za mwanzo.

Fundi mkuu hakunigombeza. Alichukua ile pamba, akaitia kwenye bahasha, akaandika juu yake namba ya paneli na jina kamili la yule askari, kwa kuwa alikuwa amelinakili kabla paneli haijashushwa. Bahasha ile iliingia kwenye jalada pamoja na michoro ya kazi. Tangu siku hiyo sijawahi kugusa mstari wa majina bila kuunakili kwanza, herufi kwa herufi, na koma zake.

Sababu yake ni hii. Rangi zilizomo kwenye dirisha hazikai namna moja. Buluu ya bawa la malaika imo ndani ya kioo chenyewe: kobalti iliyeyushwa pamoja na mchanga tangu tanurini, na hata ukisugua miaka mia haitoki. Nyekundu mara nyingi ni ngozi nyembamba iliyolala juu ya kioo cheupe, nayo ni imara. Njano ya taji na nywele hutokana na chumvi ya fedha, ambayo hupakwa upande wa nyuma na kuingia ndani ya kioo kinapochomwa; mafundi wa Ulaya wanaijua siri hiyo tangu mwanzoni mwa karne ya 14. Lakini uso wa malaika, mikunjo ya nguo yake na kila herufi ya majina yenu 14 vimechorwa kwa mkono. Wino wake ni unga wa kutu ya chuma au ya shaba uliosagwa pamoja na unga wa kioo, ukakorogwa kwa maji au siki na gundi kidogo, ukapakwa kwa brashi, kisha kioo kikachomwa kwenye joto la nyuzi 650 hivi. Kikiiva vizuri, wino na kioo huwa kitu kimoja. Kisipoiva, au wino ukiwa na boraksi nyingi (chumvi ya kuuyeyusha wino upesi) kama ulivyokuwa kwa karakana kadhaa za Uingereza miaka ya 1870, wino unakaa juu ya kioo kama vumbi, ukingoja pamba ya mtu kama mimi.

Kwa nini basi majina yanafutika na uso wa malaika bado ni mzima? Kwa sababu majina yako chini. Watu wakijaa ukumbini wakaimba na kuomba huku madirisha yamefungwa, pumzi zao hugonga kioo baridi, zikageuka maji, maji yakateremka. Yanatua kwenye paneli ya mwisho na kulala hapo usiku kucha. Miaka mia moja ya pumzi za waumini imepita juu ya majina hayo. Chini ndiko kunakobeba uzito wa dirisha zima pia, na ndiyo maana tumbo limetokeza hapohapo.

Sasa hilo tumbo. Vipande vya kioo hushikwa na fito za risasi zenye umbo la herufi H iliyolazwa. Kioo huingia pande mbili, maungio hulehemiwa, na putini ya mafuta ya kitani na chokaa hushindiliwa ili mvua isipite. Lugha yetu ina neno moja tu kwa vitu hivi viwili: risasi iliyomuua kijana wa watu, na risasi inayokumbatia kioo chenye jina lake. Nimelifikiria hilo mara nyingi nikiwa nimeinama mezani, na bado linanigusa.

Risasi ni laini. Jua likiipiga inatanuka, usiku inasinyaa, na kila mwaka inachoka kidogo. Kwa kawaida hukaa kama karne moja, pengine zaidi, kabla haijahitaji kufumuliwa na kufungwa upya. Madirisha yaliyowekwa kati ya 1919 na 1925 yamefika umri huo. Lakini kabla hujakata tamaa, panda ngazi utazame kitu kimoja. Nyuma ya paneli kuna nondo nyembamba za chuma zilizolazwa, na paneli imefungwa kwenye nondo hizo kwa vipande vya waya wa shaba. Je, waya zimekatika? Mara nyingi hapo ndipo ugonjwa ulipo: paneli imeachwa isimame peke yake, ikaanza kujikunja. Fundi anaweza kufunga waya mpya bila kuliondoa dirisha ukutani. Lakini mtu akilisukuma tumbo kwa kiganja, kioo kitapasuka kwa sababu chenyewe hakipindi, na wino uliolegea utadondoka kama magamba.

Haya ndiyo ya kufanya wiki hii. Siku yenye mawingu, piga picha dirisha zima kutoka ndani, kisha kila paneli peke yake, kisha kila jina peke yake. Nakili majina hata yale unayodhani unayajua. Yale yasiyosomeka usiyatazame dhidi ya mwanga wa nje. Subiri jioni, nje kukiwa giza, shika tochi pembeni kabisa ili mwanga ulale juu ya kioo. Palipokuwa na wino pameachwa alama: uso wa kioo pale ni tofauti kidogo, unang'aa au unafifia kuliko sehemu za jirani. Utaona herufi zikijitokeza kama maandishi ya kidole kwenye kioo chenye mvuke. Nimewahi kuyapata majina matatu kwa njia hiyo, na mjane wa mwana wa mmoja wao alikuwa bado hai.

Tazama pia kama kuna mtu aliwahi kubandika nje karatasi la plastiki ngumu ili kulinda dirisha na mawe. Kama lipo na limezibwa pande zote, joto na unyevu vinanaswa katikati na kulipika dirisha polepole. Kinga ni nzuri, ila lazima hewa ipite nyuma yake. Unga mweupe ukiuona juu ya fito, usiupulize na usiupanguse: ni risasi iliyoliwa na hewa, na ni sumu. Osha mikono, na watoto wasicheze chini ya dirisha hilo mpaka fundi aje.

Fundi akija, mwulize ataanza na nini. Akitaja dawa ya kusafishia vioo vya nyumbani, mshukuru na umsindikize. Akisema ataanza kwa kutazama wino kwa kioo cha kukuzia, kisha ajaribu kijiti cha pamba chenye maji yaliyokenekwa mahali padogo pasipo na mchoro, mkaribishe ndani.

Na kama kuna ufa, usiwe na haraka ya kuubadilisha. Si kila jeraha ni la kuziba. Katika kanisa la Westminster Abbey, London, kuna kikanisa cha wanahewa chenye dirisha la Hugh Easton, lililozinduliwa na Mfalme George VI tarehe 10 Julai 1947 kuwakumbuka waliokufa katika Mapigano ya Uingereza, yale ya angani ya mwaka 1940. Ukuta wa kikanisa hicho ulitobolewa na bomu wakati wa vita. Tundu lile hawakuliziba. Walilifunika kwa kioo, na mpaka leo ukisimama pale unaona mwanga ukipita.

Mama, nafundisha shule ya Jumapili. Chumba chetu kina dirisha la vita, watoto wananiuliza kwa nini liko huku na si kanisani, nami sina jibu. Tena kwenye kona ya chini kuna picha ndogo ya mganda wa ngano. Maana yake nini?

Watoto wako wameuliza swali la msingi. Anza kwa kuwaambia hivi: waliokufa hawakurudishwa nyumbani. Mwaka 1915 Uingereza ilikataza miili ya askari wake kusafirishwa kutoka uwanja wa vita, awe mtoto wa tajiri au wa maskini. Na wengi hata mwili haukupatikana. Kwenye lango la Menin Gate mjini Ieper, Ubelgiji, kumechongwa majina zaidi ya 54,000 ya watu ambao makaburi yao hayajulikani. Basi mama aliyefiwa hakuwa na mahali pa kuweka ua. Ndipo kila kundi alilokuwamo yule kijana likamtengenezea mahali: kanisa lake, shule yake, darasa lake la Biblia, timu yake, kwaya yake. Ukumbi ndiko alikojifunza kusoma zaburi na kucheza ngoma ya bendi. Ndiyo sababu dirisha liko chumbani kwenu. Mtoto mmoja anaweza kuwa ameandikwa sehemu tatu au nne, kwa kuwa alipendwa sehemu tatu au nne.

Tena vita yenyewe ilikuwa imezipa nyumba za Kikristo kazi mpya. Desemba 1915, mjini Poperinge, nyuma kidogo ya mstari wa mapigano, kasisi Philip Clayton, ambaye wote walimwita Tubby, alifungua nyumba iitwayo Talbot House. Ilipewa jina la Gilbert Talbot, aliyeuawa Julai mwaka huohuo. Askari waliingia pale wakasoma vitabu, wakaandika barua, wakapanda ngazi hadi darini kwenye kikanisa ambacho meza yake ya Bwana ilikuwa meza ya seremala. Mkubwa na mdogo walikaa pamoja bila kujali vyeo. YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, nayo ilitawanya vibanda vyake kila mahali askari walipokuwa. Waliorudi walitaka nyumba kama hizo kwao, na walipozijenga waliwaweka wenzao ukutani. Pale Ieper, kanisa la St George lililofunguliwa 1929 lilijengewa ukumbi wa wageni na shule kando yake, kwa ajili ya familia zilizokuja kutafuta makaburi. Ndani ya kanisa lile, karibu kila kitu unachokigusa, kiti, kibao, dirisha, kimetolewa kwa jina la mtu.

Mganda wa ngano ni saini. Ni alama ya karakana ya Charles Eamer Kempe. Lakini yeye alifariki 1907, kwa hiyo utazame kwa makini: juu ya mganda kuna mnara mdogo mweusi? Kama upo, dirisha lilitoka karakanani hapo wakati wa Walter Tower, ndugu yake aliyeirithi, na huo mnara ndio jina lake mwenyewe. Karakana ilifungwa 1934, kwa hiyo umepata na mpaka wa tarehe. Ukikuta mtawa mdogo amevaa joho, hiyo ni James Powell and Sons. Alama ninayoipenda kuliko zote ni ya Ninian Comper, mchoraji wa madirisha kadhaa yaliyoko Westminster Abbey: alisaini kwa tunda la stroberi. Baba yake, kasisi, alifariki ghafla bustanini akiwagawia stroberi watoto maskini. Baadaye mwana akawa anaacha tunda hilo kwenye kona ya kazi zake. Waambie watoto hadithi hiyo, kisha waache watafute saini ya dirisha lao wenyewe.

Fundi, nina miaka 22. Dirisha la ukumbi wetu linaonyesha askari aliyekufa amelala chini ya msalaba, mguu wa Yesu karibu umguse. Chini imeandikwa Yohana 15:13. Mimi naona kama vita imevalishwa kanzu. Nimependekeza liondolewe, wazee wamekasirika. Nimekosea?

Hujakosea kuuliza, mwanangu, na wazee hawajakosea kuumia. Picha hiyo naijua. Chanzo chake ni mchoro wa James Clark uitwao The Great Sacrifice, uliochapwa kwenye gazeti la The Graphic kwa Krismasi ya 1914. Watu waliukata gazetini wakautia fremu, na baadaye ukanakiliwa kwenye madirisha mengi kupita mchoro mwingine wowote wa vita ile ninaoufahamu. Kijana mzuri, tundu dogo kwenye paji, uso umelala kama wa mtoto. Ulichorwa vita ikiwa na miezi michache tu, kabla ya mapigano ya Somme ya 1916 yaliyoua maelfu kwa maelfu.

Nami nakuambia wazi: siupendi. Unasema kifo cha vitani kilikuwa safi, na hakikuwa safi. Unaweka sadaka ya mtu aliyetumwa kuua pembeni ya sadaka ya Yule aliyekataa upanga, kana kwamba ni kitu kimoja. Maneno yenyewe, «Hakuna aliye na upendo mwingi kuliko huu, wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake», Yesu aliyasema akiwa mezani na marafiki. Hakuwa akiwahutubia wanajeshi.

Lakini shuka chini ya picha usome majina. Nani alilipia kioo kile? Mara nyingi ni wazazi, shilingi kwa shilingi. Walichagua picha hiyo kwa sababu hawakuweza kulala usiku wakiwaza jinsi mtoto alivyokufa, wakahitaji kuamini alikuwa na Bwana karibu naye. Ukiliondoa dirisha, mchoro wa Clark utabaki vilevile kwenye mamia ya kuta nyingine. Kitakachopotea ni majina yenu.

Kuna madirisha ambayo mimi mwenyewe ningesema yashuke. Mwaka 1953, kwenye kanisa kuu la kitaifa mjini Washington, Marekani, yaliwekwa madirisha ya majenerali Robert E. Lee na Stonewall Jackson, waliopigania upande uliotetea utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Hayakuwa kilio cha mama. Yalikuwa sifa kwa makamanda, karibu miaka 90 baada ya vita kuisha, yakilipiwa na chama cha kina mama kilichotukuza upande huo. Baada ya waumini 9 weusi kuuawa na mbaguzi kanisani Charleston mwaka 2015, kanisa lile lilijadili kwa miaka miwili, likatoa kwanza picha za bendera za upande huo, kisha mwaka 2017 likayashusha yote. Septemba 2023 mahali pake pakawekwa madirisha ya Kerry James Marshall, yanayoonyesha watu weusi wakiandamana na mabango ya kudai haki. Niliziona picha zake nikashukuru Mungu. Kwa hiyo sisemi kioo hakiguswi kwa kuwa ni cha zamani. Nasema uulize: kinamtukuza mtu, au kinamlilia?

Na usidhani walioomboleza wote walichora alivyochora Clark. Mtazame Wilhelmina Geddes, mwanamke wa Ireland, na dirisha lake la mwaka 1919 katika kanisa la St Bartholomew, Ottawa, Kanada. Aliagizwa na Duke wa Connaught, mtu wa ukoo wa kifalme wa Uingereza aliyekuwa gavana mkuu huko, kuwakumbuka watu 10 wa ofisi yake waliouawa. Amemchora askari aliyetoka kufa akipokelewa na mashujaa waliomtangulia. Watu wa Geddes wana miili mizito, mistari ya risasi imekata kama makovu, na rangi ni za kina kirefu. Hakuna usingizi mtamu pale. Au tazama ni madirisha mangapi yamemchagua Mtakatifu Martin, askari aliyelikata joho lake nusu kwa upanga akampa maskini aliyetetemeka kwa baridi, kisha akaacha jeshi. Siku yake ni tarehe 11 Novemba, siku ileile bunduki ziliponyamaza mwaka 1918.

Berlin je? Kanisa la Kaiser Wilhelm lilibomolewa kwa mabomu mwaka 1943. Wajerumani waliacha mnara uliovunjika usimame, na kando yake wakajenga kanisa jipya lililowekwa wakfu Desemba 1961. Kuta zake ni vipande zaidi ya 20,000 vya kioo kinene vilivyopangwa ndani ya zege, karibu vyote buluu, na aliyevitengeneza ni Mfaransa, Gabriel Loire, kutoka karibu na Chartres. Hakuna picha ya askari hata mmoja. Ukiingia kutoka kelele za barabarani unasimama ndani ya buluu tu.

Ushauri wangu: rudi kwa wazee uombe radhi kwa neno «kuondoa», kisha omba jambo jingine. Omba kibao kidogo chini ya dirisha, kinachoeleza picha ilitoka wapi na mnaionaje leo. Na jitolee wewe kutafuta habari za hao waliotajwa: walikuwa na umri gani, walifanya kazi gani. Ukishajua mmoja wao alikuwa na miaka yako 22, tuandikie tena.

Ukumbi wetu unauzwa. Mnunuzi anasema dirisha la kumbukumbu tumwachie, litapendeza kwenye mgahawa wake. Tumwachie?

Hapana, isipokuwa hamna njia nyingine kabisa, na hata hapo iandikwe kwenye mkataba kwamba watu wataruhusiwa kuja kusoma majina. Kabla hamjasaini chochote ulizeni dhehebu lenu na sheria ya nchi yenu inasemaje juu ya kumbukumbu za vita. Kanisa la Uingereza, kwa mfano, hudai kibali cha dayosisi kabla ya kitu kama hicho kuguswa.

Mahali pa kwanza pa kulihamishia ni kanisa au ukumbi ulio karibu ambako jamaa za waliotajwa bado wanasali. Kama hakuna, ulizeni makumbusho. Mjini Ely, Uingereza, kuna jumba la makumbusho ya vioo vya rangi, lililoanzishwa mwaka 1972 kwa sababu hasa ya kuokoa madirisha ya makanisa yaliyokuwa yakifungwa. Lakini makumbusho nayo hujaa, hayawezi kupokea kila kitu.

Likihamishwa, paneli zisafirishwe zikiwa zimesimama, kamwe zisilazwe. Mara nyingi huishia kwenye sanduku lenye taa nyuma, nalo si baya mradi taa ziwe za LED zisizotoa joto na hewa iingie. Na kuna kosa nimelikuta zaidi ya mara moja: dirisha limehamishwa, paneli ya majina imeachwa stoo kwa sababu sanduku lilikuwa fupi. Afadhali malaika akose nafasi.

Muuguzi mmoja wa parokia yetu alifia vitani lakini jina lake halikuandikwa kwenye dirisha pamoja na wanaume. Tumepata ushahidi. Je, fundi anaweza kuliongeza kwenye kioo?

Kuweza anaweza, lakini msimruhusu. Kuliongeza maana yake ni kufumua risasi, kutoa kipande kizima na kukichoma tena, na kioo cha zamani kikirudi tanurini hakina dhamana. Tena kioo chenyewe ni ushahidi wa mambo mawili: nani alikumbukwa, na nani alisahauliwa.

Angalieni walivyofanya York Minster, kanisa kuu la mji wa York, Uingereza. Dirisha la Five Sisters ni la karne ya 13, lina vipande zaidi ya 100,000 vya kioo cha kijivujivu, na halina jina hata moja. Lilishushwa wakati wa vita kwa hofu ya mabomu ya ndege. Vita ilipokwisha, wanawake wawili, Helen Little na Almyra Gray, walichangisha fedha za kulirudisha liwe kumbukumbu ya wanawake wa himaya ya Uingereza waliokufa katika vita ile. Lilizinduliwa upya Juni 1925. Kioo hakikuguswa kuongezwa neno. Majina ya wanawake hao, zaidi ya elfu moja, yaliandikwa kwenye mbao za mwaloni karibu yake. Wengi wao walikuwa wauguzi kama wenu.

Basi tafuteni ubao mgumu au bamba la shaba, mliweke chini ya dirisha, pale jicho la msomaji linaposhukia likimaliza jina la mwisho. Andikeni jina lake kamili, kazi yake na mwaka aliokufa. Na herufi zake ziwe na ukubwa uleule wa za wanaume. Pimeni zile za kwenye kioo kwanza, kwa rula, bila kugusa.